Nimepimiwa fimbo za gofu hapa Nairobi, kumbe miaka minne nacheza na seti ya mtu mfupi

Wacha nianze na mgongo kwa sababu ndio ulinipeleka. Miaka minne nimekuwa nikimaliza mashimo 9 nashuka kwa gari kama nyanya wa miaka 80, mkono kiunoni, na nyumbani wananiambia ni umri, nikona 41 jamani. Mtu wa fiziotherapi akaniambia nipumzishe gofu kidogo, nikapumzika wiki mbili, nikarudi, na maumivu yakarudi na mimi. Mwenye alinigutusha ni kedi (mbeba fimbo) mmoja mzee, ako kwa hiyo kazi tangu sijazaliwa nadhani, siku moja kwa shimo la tatu akanitazama nikijipanga kupiga akasema, "Madam, mbona unasimama kama mtu anapanda sukuma? Hizo fimbo ni zako ama ni za mtoto?"

Nilicheka lakini nilienda nyumbani na hiyo maneno.

Mimi ni mrefu, sentimita 178, na nilicheza voliboli sekondari yote na miaka kadhaa baadaye, mpigaji wa pembeni. Wakati naanza gofu niliingia duka moja (silitaji, na sio lazima) kijana akanitazama, akaona ni mwanamke, akanipeleka moja kwa moja kwa seti ya wanawake yenye gripu (sehemu ya kushikia) za zambarau. Hakuniuliza kimo. Hakuniuliza kama nimewahi kucheza mchezo wowote. Nilipiga mipira mitatu kwa wavu, akasema "imekukubali sana mum", nikalipa. Sasa seti za wanawake za dukani kwa kawaida ni fupi kwa karibu inchi moja kuliko za wanaume, shafti (mti wa fimbo) ni nyepesi na laini, ile ya herufi L ya wanawake, gripu ni nyembamba. Hakuna ubaya wowote kama wewe ni sentimita 160 na unaswingi polepole. Mimi siko hivo.

Basi nikatafuta mahali wanafanya fitingi ya ukweli, yaani kupimiwa fimbo. Nilipata chumba kimoja upande wa Westlands, juu juu hivi ghorofa ya pili, kuna wavu, projo, mashine ya rada nyuma na kamera mbili. Nililipa 8,000 kwa M-Pesa kabla ya kuanza, saa mbili, na nikaambiwa nikinunua kitu hapo hiyo pesa inakatwa kwa bei. Nikadhani ni ile mtego ya kuuziwa tu. Nusu saa ya kwanza sikugusa mpira. Fundi wa fitingi aliniuliza nacheza wapi, mara ngapi kwa wiki, mpira wangu mbaya zaidi unaenda wapi, mgongo unauma upande gani, nakaa ofisini masaa mangapi. Halafu akanisimamisha na viatu vya gofu, mikono imeninginia, akapima kutoka kwa mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni: sentimita 91. Akapima kiganja kutoka mkunjo hadi ncha ya kidole cha kati, sentimita 19. Akaandika, akaangalia fimbo yangu namba 7 (ya umbali wa kati), akaangalia mimi, hakusema kitu. Hiyo kunyamaza ndio iliniambia kila kitu.

Kipimo cha kifundo hadi sakafu ni muhimu kuliko kimo chenyewe, na hapa ndio nilielewa kitu ambacho hakuna mtu amewahi kuniambia. Watu wawili wa kimo kimoja, mmoja mikono mirefu, mwingine mifupi, hawatumii fimbo sawa. Mimi vipimo vyangu viliangukia urefu wa kawaida wa wanaume, inchi 37 kwa namba 7, na yangu ilikuwa 36. Inchi moja! Nikamwambia hiyo ni kitu kidogo sana, akanipa fimbo mbili nizishike moja baada ya nyingine macho nimefunga. Wueh. Ile yangu ilinivuta chini kama ndoo ya maji.

Kisha akabandika stika chini ya fimbo, akaweka ubao mweusi wa plastiki nipige mpira juu yake. Ukipiga, ubao unaacha alama kwa stika, unaona ni sehemu gani ya fimbo inagusa chini kwanza. Yangu yote ilikuwa kwa kidole, yaani ncha ya mbele, kisigino kiko hewani. Hiyo inaonyesha pembe ya lai, yaani pembe kati ya shafti na ardhi, na ikiwa bapa sana kwako, uso wa fimbo unaangalia kulia hata kama wewe umelenga bendera sawasawa. Na kadiri fimbo ina lofti nyingi (uso umelala nyuma) ndio inapotea zaidi, ndio maana wedji yangu (fimbo ya mipira ya karibu) ilikuwa inaenda kulia kushinda hata namba 5 na mimi nikawa najilaumu ati sina mkono wa karibu. Miaka minne nimejifundisha kulenga kushoto ili mpira uende kati! Hiyo nayo ndio imeniharibia swingi, kwa sababu sasa mwili unajua njia ya kudanganya fimbo.

Hapo kwa mwili ndio palinoga. Aliweka kamera ya kasi mbele na nyuma, nikapiga kama mipira kumi na tano na namba 7 yangu, tukaangalia polepole. Nikajiona. Nimeinama sana mwanzo kwa sababu fimbo ni fupi, halafu nikianza kushuka na fimbo kiuno kinasonga mbele kuelekea mpira na kifua kinainuka, yaani nasimama katikati ya swingi. Akaniambia mwili hauna njia ingine, umeukunja hadi hakuna nafasi ya mikono kupita, lazima uinuke uitafute, na wakati unainuka huku unazunguka, mzigo wote unaingia kiuno cha chini. Mara sabini themanini kwa raundi ukihesabu na swingi za mazoezi. Nilifikiria yule wa fiziotherapi na mazoezi yake ya makalio juu ya mpira mkubwa, pole daktari, haikuwa kosa lako.

Lakini kulikuwa na habari njema. Swingi nzuri inaenda kwa mpangilio: kiuno kinaanza kushuka, kifua kinafuata, mikono inafuata, fimbo ndio ya mwisho, na kila kimoja kinapofika kasi yake kinapunguza na kumpasia mwenzake. Nikamwambia, ngoja, hiyo ni spaiki. Ukiruka kupiga voliboli huanzi na mkono, ukianza na mkono mpira unaenda kwa wavu na kocha anakupigia kelele, unaanza na kiuno, tumbo, bega, kiwiko, kiganja. Akafurahi, akasema mpangilio wangu tayari uko sawa, shida ni kwamba begani sizunguki vya kutosha. Wachezaji wa kulipwa mabega yanazunguka kama nyuzi 90 na kiuno karibu nusu ya hiyo, mimi mabega yalikuwa yanafika kama 70 tu, na ni kukaa kwa kompyuta kumefanya mgongo wa juu ukakauka. Hiyo hakuna shafti inatibu. Alisema hivo waziwazi na nikampenda kwa hilo, kwa sababu angeweza kuniuzia kitu.

Tulijaribu vichwa vya fimbo vitatu na shafti kama sita. Sitawachosha na zote. Kasi yangu ya namba 7 ilikuwa maili 73 kwa saa, na hiyo si ya shafti ya L kabisa, shafti inakuwa kama uzi, kichwa kinafika wakati kinataka. Na ile yangu ya zamani mpira mmoja unaenda yadi 131 na unaofuata 112, na mimi nimehisi nimepiga sawa zote mbili. Tukafika kwa shafti ya grafaiti ya wanaume ya R (ugumu wa kawaida), gramu 65 hivi, inchi 37, lai imeinuliwa nyuzi 2, gripu ya kawaida ya wanaume. Mipira kumi ilikaa kati ya 133 na 141. Kitu kilinishangaza si umbali, ni kwamba sikuwa nimebadilisha kitu chochote kwa mwili wangu, hakunifundisha, alinibadilishia tu fimbo na kifua kikaacha kuinuka. Sio kabisa, lakini nusu ya hiyo shida ilipotea hapo hapo.

Niliuliza swali moja ambalo nawashauri muulize pia: hiyo mashine mmeiweka mwinuko gani? Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali na pia haupindi sana kama kule chini. Pasaka tulienda kucheza Nyali, Mombasa, na namba 7 yangu ilikuwa inaanguka mbele ya grini (ile nyasi fupi yenye shimo) kila saa, nikadhani ni joto na samaki wa jana. Kama mashine imewekwa usawa wa bahari na wewe unacheza Nairobi, namba zinakudanganya kwa upande mmoja, na kama imewekwa ya Nairobi na unasafiri Pwani zinakudanganya kwa upande mwingine. Yeye alikuwa ameiweka ya Nairobi, akanionyesha na ya Mombasa, tofauti ilikuwa kama yadi kumi. Nimeiandika kwa karatasi iko kwa begi.

Dreva sasa, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo. Nilikuwa nimeenda nikijua nitatoka na dreva mpya, nimeshajitayarisha hadi roho. Nilikuwa naswingi maili 86, lakini fimbo inashuka kwa mpira nyuzi 4 kuelekea chini kama napiga aironi (kama hiyo namba 7), mpira unazunguka karibu mara 3,900 kwa dakika, unapanda juu unasimama unashuka kama kishada kimekatika. Ule uwiano wa kasi ya mpira kwa kasi ya fimbo, ambao dreva haupiti kama 1.5 hata kwa wale wa runinga, wangu ulikuwa 1.38. Hakunipa dreva mpya. Alichukua yangu (hii si ya ile seti, nilinunuliwa na kaka yangu, ni ya wanaume) akafungua skrubu ya shingoni akaongeza lofti kutoka 10.5 kuenda 12, akainua tii (kijiti cha kuwekea mpira), akasogeza mpira mbele hadi kisigino cha mguu wa kushoto, akaniambia niegemeze bega la kulia chini kidogo. Mzunguko ukashuka hadi 3,000 hivi na yadi 17 zikaongezeka. Bure! Nilikuwa na laki moja kasoro ya hiyo dreva kichwani.

Sasa malalamiko, kwa sababu yapo. Alinishauri nisinunue aironi mpya, nitafute za mitumba za wanaume zenye vichwa vya chuma laini cha kufua, kwa sababu hizo zinapindika shingoni bila wasiwasi, lakini zile za kumiminwa chuma kigumu ukilazimisha nyuzi nyingi zinaweza kupasuka. Ushauri mzuri sana. Nilipata seti kwa mtu anayehama, nikawaletea wabadilishe shafti, gripu, wapinde lai. Wakaniambia wiki tatu. Ikawa saba. Kila nikipiga simu ni "shafti ziko uwanja wa ndege madam", wiki mbili baadaye bado ziko uwanja wa ndege, nikaanza kuuliza kama zimeoa huko. Na hakuna mtu alinipigia mwenyewe, kila mara ni mimi. Halafu bei ya kazi ya mkono kwa kila fimbo haikutajwa siku ya kwanza, nilijua tu nikienda kuchukua, na hiyo si tabia nzuri hata kama bei yenyewe ilikuwa ya haki. Ile 8,000 haikukatwa kwa sababu ati sikununua vichwa kwao. Shafti sita nimenunua kwenu, lakini sawa.

Na wedji ya nyuzi 56 ilirudi na lai ile ile ya zamani. Nilijua kwa raundi ya pili, si kwa mashine, kwa vile ilikuwa inaenda kulia kwa njia ninayoijua vizuri sana. Niliirudisha, wakaomba msamaha, wakapinda nikiangalia, dakika kumi.

Mtu akiniuliza kama aende, namwambia aende lakini asiende jioni baada ya kazi kama mimi nilivyotaka kufanya mwanzo, ukichoka swingi yako si yako na utapimiwa fimbo za mtu amechoka. Beba viatu vyako, beba mipira unayocheza nayo kila siku. Na uliza bei ya kila kitu kabla rada haijawashwa. Kama umeanza gofu mwezi jana, ngoja kidogo, chukua masomo kwanza, swingi yako itabadilika kabla shafti hazijatoka uwanja wa ndege.

Miezi minne sasa. Handikepu (mapigo ya ziada unayopewa, ikishuka ni vizuri) imetoka 27 hadi 23, na sehemu ya hiyo ni kwa sababu ya yale mazoezi ya mgongo wa juu nafanya asubuhi kwa mlango wa jikoni, watoto wananicheka. Mgongo unauma bado nikicheza 18, nikicheza 9 hauumi. Yule mzee kedi aliniona juzi na seti mpya, akaitoa namba 7 kwa begi, akaiweka wima kando yangu akapima na jicho, akairudisha bila neno.

Ile ya zambarau nimempa mpwa wangu, ako 160 hivi. Anazipiga moja kwa moja, mpira baada ya mpira, na inaniuma kidogo.