Mfuko wa maji ya moto katika wiki kumi na tatu za kusubiri upasuaji wa mawe ya nyongo

Mfuko ninaoutathmini hapa ni ule wa mpira mzito, mwekundu, unaochukua lita mbili za maji, wenye mdomo uliopanuka kama faneli na kizibo cha kukaza kwa kuzungusha. Niliununua Kariakoo, katika duka la vifaa vya tiba, kwa shilingi 18,000, baada ya mfuko wa kwanza wa shilingi 7,000 kunivujia kitandani. Nimeutumia karibu kila usiku kwa wiki kumi, na ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, akapewa tarehe ya upasuaji iliyo mbali, na sasa anajiuliza atalalaje hadi siku hiyo ifike.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilitibiwa vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Kwetu, maumivu yakishika chini ya chembe cha moyo, jina la kwanza linalotajwa ni vidonda, na mimi nilimeza dawa za kupunguza asidi paketi baada ya paketi. Hatimaye daktari mmoja aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: maumivu yanakuja muda gani baada ya kula, na unakuwa umekula nini? Nilimjibu kwamba hunishika usiku, siku nilizokula pilau au samaki wa kukaanga. Kwamba hupanda haraka, kisha hukaa palepale bila kulegea kwa saa mbili au tatu, na hupenya nyuma hadi chini ya bapa la bega la kulia. Alinituma nikapigwe ultrasaundi kesho yake asubuhi kabla sijala kitu. Mawe yalikuwa matatu, kubwa kuliko yote likiwa na milimita 14, na kipimo cha kamera ya tumboni kilithibitisha kwamba vidonda havikuwapo. Jina langu likaandikwa kwenye orodha ya upasuaji wa matundu madogo, na orodha hiyo ilikuwa ndefu.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua ni kwamba joto la mfuko halilifanyi jiwe kitu chochote. Muuzaji wa mfuko wa kwanza aliniambia, "Dada, huu unayeyusha kila kitu," na kwa kuwa nilikuwa na maumivu nilitamani sana kumwamini. Mawe mengi ya nyongo yametokana na kolesteroli, na kolesteroli halisi huyeyuka ikifika karibu nyuzi 148 za Selsiasi, wakati maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 100. Hakuna ngozi itakayostahimili joto la kuyeyusha jiwe, na hata ingestahimili, kifuko cha nyongo kimejificha chini ya ini, nyuma ya mbavu.

Kinachofanywa na joto ni kitu kidogo zaidi, nami nakithamini vilevile. Chakula chenye mafuta kinapofika mwanzoni mwa utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, na homoni hiyo hukiamuru kifuko cha nyongo kijikamue ili nyongo ishuke kusaidia kusaga mafuta. Jiwe likiwa limekaa mlangoni, kifuko hukamua dhidi ya mlango uliozibwa, na hapo ndipo mtu anapojikunja, anabana tumbo, anabana meno, anashika shuka. Joto juu ya ngozi hulegeza misuli ya tumbo niliyokuwa nimeikaza bila kujua, na huupa mwili hisia nyingine ya kushughulika nayo. Dawa niliyoandikiwa ilikuwa diklofenaki, ya kutuliza maumivu na uvimbe. Dawa za jamii hiyo ndizo hupewa kipaumbele kwa maumivu ya nyongo, lakini hazimfai kila mtu: mwenye vidonda vya kweli, mwenye figo dhaifu, mwenye pumu inayoamshwa na dawa hizo na mjamzito wanapaswa kuzungumza na daktari kwanza. Kidonge changu kilichukua kama nusu saa kabla sijaanza kuhisi nafuu. Thamani yote ya mfuko huu, kwangu, ilikuwa katika nusu saa ile.

Kuhusu mfuko wa kwanza nitasema kifupi. Maungio yake ya pembeni yalikuwa membamba kiasi kwamba ukiukunja ulikuwa unaona mstari mweupe, na katika wiki ya tatu mstari huo uliachia nikiwa nimelala ubavu. Maji yalinimwagikia pajani. Niliweka paja chini ya bomba la maji ya kawaida kwa dakika ishirini, na hata hivyo palitoka lengelenge la ukubwa wa sarafu. Niliurudisha dukani, wakakataa kurudisha fedha. Anayenunua aukunje mfuko mbele ya muuzaji, autazame kwenye kila maungio, na kama unaonyesha weupe auache hapohapo.

Katika duka la pili nilikutana na mama mmoja mtu mzima aliyenionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona. Karibu na mdomo wa mfuko, ndani ya mpira wenyewe, kuna alama ndogo yenye umbo la ua. Tarakimu zilizo katikati ni za mwaka uliotengenezwa mfuko, petali kumi na mbili zinasimamia miezi, na vitone vilivyo ndani ya petali huonyesha wiki. Mpira huchakaa hata ukikaa kabatini, na ushauri wa kawaida ni kuubadilisha mfuko baada ya miaka miwili hivi. Wangu ulikuwa na miezi saba tangu utengenezwe. Nilisimama pale kaunta nikihesabu vitone kwa ukucha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuugua nilihisi kwamba kuna mtu aliyefikiria usalama wangu kabla ya kuniuzia kitu.

Matumizi yake yanadai nidhamu. Maji yasiwe yanachemka, na yasizidi theluthi mbili ya mfuko. Kisha unaubana taratibu ukiwa umesimama wima hadi maji yapande mdomoni, ili hewa itoke, ndipo unakaza kizibo na kuugeuza juu ya sinki uone kama unadondosha. Saa nane usiku, mtu akiwa amejikunja, hatua hizo zote ni mlima, achilia mbali kwenda jikoni na kusubiri jagi la umeme, ikiwa umeme wenyewe upo. Nilichofanya ni kujaza chupa ya chai maji yaliyochemka saa tatu usiku na kuiweka kando ya kitanda. Hadi saa saba au saa nane maji huwa yamepoa kiasi cha kufaa kumiminwa moja kwa moja, na mdomo mpana wa mfuko huu unakubali kumiminiwa hata kwa mkono unaotetemeka. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, kwa sababu mdomo wa ule wa kwanza ulikuwa mwembamba na kila mara nilijichoma vidole.

Joto lake linadumu saa moja na nusu ukiwa umefungwa kitambaa. Kasoro ni kwamba hauji na foronya yake, na mpira mtupu juu ya ngozi ni hatari. Nilishona yangu kwa kanga kuukuu, mikunjo miwili. Una harufu kali ya mpira kwa siku kumi za mwanzo, na mtu mwenye kichefuchefu cha nyongo ataiona harufu hiyo kuwa adhabu, kwa hiyo uanikwe kivulini mapema. Pia ni mzito. Niliona afadhali kukaa nusu wima nikiegemea mito, mfuko ukiwa umelala juu ya mbavu za kulia, kuliko kulala chali nikibeba uzito wote. Kwa joto la Februari la Dar es Salaam, jasho halikwepeki. Mwenzangu wa kazini aliniazima ule wa kuchaji kwa umeme, nikautumia usiku mmoja na kuurudisha, kwa sababu sikuweza kujua umepata moto kiasi gani na umeme ulikatika kabla haujawa tayari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Wiki ya saba maumivu yalinishika saa tano usiku. Nilimeza dawa, nikaweka mfuko, nikasubiri ile nusu saa yangu, haikufika. Nikajaza tena. Nikajaza mara ya tatu. Ngozi yangu ilikuwa ya moto, nami nikaona ni kawaida kwa mtu aliyekumbatia maji ya moto usiku kucha. Nilipoanza kutetemeka nikavuta blanketi na kuubana mfuko zaidi. Karibu na adhana ya alfajiri mume wangu aliamka, akaweka kiganja nyuma ya shingo yangu, mbali kabisa na tumbo, akasema, "Mke wangu, hili joto si la mfuko." Kipimajoto tulichoazima kwa jirani kilisoma 38.9. Hospitalini walikuta kifuko cha nyongo kimevimba kwa maambukizi, nikalazwa siku tano kwa dripu na antibayotiki. Daktari alinieleza kwamba maumivu ya kawaida ya jiwe huachia ndani ya saa chache, na yakipita saa sita, au yakija na homa na baridi, hayo si ya kusubiriwa nyumbani. Mgonjwa wa namna yangu mara nyingi hufanyiwa upasuaji ndani ya siku za mwanzo za uvimbe, lakini nafasi haikuwapo, wakautuliza uvimbe kwanza na kunirudisha kwenye orodha.

Mfuko haukuwa na kosa. Uliifanya kazi yake vizuri mno, kiasi cha kunificha homa yangu mwenyewe. Tangu usiku ule sikuwahi kuutumia bila saa ya ukutani mbele ya macho yangu na kipimajoto mezani. Niliandika kwa kalamu nzito kwenye karatasi, nikaibandika ukutani ili hata mtu mwingine aisome: kuandika saa ya kuanza maumivu; kupima homa kila baada ya saa moja, kwa kipimajoto cha kwapani upande wa kushoto, mfuko ukiwa umeondolewa; na maumivu yakipita saa sita au yakija na homa na baridi, macho yakiwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kinyesi kupauka, kutapika kusikokoma, au maumivu yanayopita moja kwa moja hadi katikati ya mgongo, twende hospitali bila kujadiliana. Njano humaanisha huenda jiwe limeshuka likaziba njia kuu ya nyongo, na yale ya mgongoni huenda yakawa ya kongosho, na yote mawili hayana dawa ya jikoni.

Tatizo jingine dogo lilinipata kwenye wiki ya tisa. Juu ya mbavu, pale mfuko ulipokuwa ukilala, ngozi ilianza kuwa na mistari ya weusi iliyopitana kama wavu. Haikuuma wala kuwasha. Sista aliyekuwa akinipima presha alitambua mara moja kwamba ni joto la kurudiwarudiwa mahali pamoja, akanielekeza niweke dakika ishirini tu kwa mara moja, niongeze unene wa kitambaa, na nisilale nao usingizi. Wavu ule umeanza kufifia, ingawa haujaisha.

Fedha nilizotumia kwa mfuko ni kidogo ukilinganisha na vitu vingine nilivyoshawishiwa. Mama mkwe wangu, kwa mapenzi ya kweli, aliniletea chupa ya mafuta ya zeituni na ndimu kumi, akinisihi ninywe vyote usiku mmoja ili mawe yatoke. Watu wanaofanya hivyo huona kweli madonge ya kijani chooni. Mwaka 2005 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchunguzi wa madonge ya aina hiyo, na hayakuwa na kolesteroli wala ile kemikali inayoipa nyongo rangi yake. Yalikuwa aina ya sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta na ndimu, na yaliyeyuka kwenye nyuzi 40 ndani ya dakika 10. Kwa mwenye jiwe mlangoni, glasi ya mafuta ni amri kali ya kukamua. Nilikaa na Mama nikamweleza hivyo, naye alielewa; tangu siku ile ndiye aliyekuwa akinipikia samaki wa kuchemsha, maharage bila nazi na viazi vitamu, kidogo kidogo, mara nne kwa siku, kwa kuwa kushinda njaa nako huiacha nyongo ikatuama.

Upasuaji ulifanyika wiki ya kumi na tatu, kwa matundu manne. Niliamka tumbo likiwa na utulivu niliokuwa nimeusahau, lakini bega la kulia likiniuma sana. Ni ile hewa ya kaboni dioksidi wanayoijaza tumboni ili kamera ipate nafasi. Mabaki yake huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu hujitokeza begani. Sista aliniruhusu joto la begani tu, mbali na vidonda, na mume wangu akauleta mfuko pamoja na chupa ya chai. Kwa siku tatu ulikaa hapo.

Sasa nimeutundika nyuma ya mlango wa jikoni, mdomo chini, kizibo kikiwa kimetolewa ili ndani pakauke. Jirani yetu aliyetuazima kipimajoto ana dada anayesubiri upasuaji kama wangu, na alikuja kuuomba. Nimemsindikiza Kariakoo anunue mpya, tukahesabu vitone pamoja, kwa sababu mpira uliobeba maji ya moto usiku mwingi hivyo hauonyeshi uzee wake mpaka unapoachia. Kipimajoto nilichojinunulia nimempa.