Vitabu vya hadithi vya Kiitaliano ngazi ya A2: uzoefu wangu wa miezi 5

Kiitaliano cha Malindi nimekua nacho, kile cha ufukweni: bei, samaki, habari za asubuhi. Waitaliano tumezoeana nao tangu siku za kituo chao cha San Marco kule Ngomeni, walikorusha setilaiti mwaka 1967. Lakini gazeti lao likiachwa mezani kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi, nilikuwa simalizi hata aya moja. Ndipo nikaagiza Nairobi vitabu 3 vya hadithi zilizorahisishwa kwa wanafunzi wa A2, yaani wanaojua misingi tu, vyenye sauti za kusikiliza kwenye simu.

Faida kubwa ni neno kurudi na kurudi. Chukua "magari". Mgeni mmoja nilimwuliza kama atakuja tena mwakani, akajibu "magari!" na mimi akili ikaenda barabarani. Programu ya kutafsiri ikasema ni "labda". Haikuniridhisha, maana yule mzee alilitamka kwa kuvuta pumzi. Kwenye kitabu cha kwanza nikalikuta mara 4. Msichana anaulizwa kama atanunua nyumba ya baharini: magari! Kijana anapanga safari: magari kesho. Kumbe kwa kijana ni labda, kwa msichana ni laiti ingewezekana. Orodha ya maneno ya kukariri isingenifikisha hapo.

Kitabu cha pili kilinitoa jasho. Kinasimulia kwa wakati uliopita wa vitabuni: andò (alikwenda), disse (alisema), vide (aliona). Wageni wetu hawasemi andò, wanasema è andato. Ukilitafuta kamusini hulioni, kwa sababu limewekwa chini ya andare, yaani kwenda. Anayeanza aombe hadithi zisizo na wakati huo.

Kasoro: maelezo ya maneno yako nyuma kabisa, tena Kiitaliano kwa Kiitaliano. Na gundi ya kitabu cha tatu imeachia, kurasa nimezifunga kwa uzi.

Kabla ya kununua, hesabu maneno 100 kwenye ukurasa wowote. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kujua kama 98 kati ya hayo ili aelewe vizuri bila msaada. Mimi nikikosa 5 bado naenda. Yakifika 10 hadithi inanipotea, nakifunga.

Juzi gazeti liliachwa tena mezani. Nimesoma habari ya mavuno ya zeituni mpaka nukta ya mwisho, maneno 6 nikayaandika pembeni. Vitabu viwili vya B1, ngazi inayofuata, nimeshaviagiza.