Baiskeli Jumapili Dar: Coco Beach au Kigamboni?
Kundi lenye wageni wa baiskeli lipelekeni Coco Beach. Mnatoka Posta, mnafuata bahari kwa Barabara ya Barack Obama, kisha Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, kama kilomita moja juu ya maji. Upepo wa hapo hutenganisha wenye mapaja na wenye maneno. Chakula ni mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili ya kutosha, na mishikaki. Kasoro: magari.

Kigamboni kuna mchezo zaidi. Baiskeli zinapandishwa pantoni pale Feri, mmebanana na bodaboda na matenga ya samaki. Ng'ambo, ukikata kuelekea ufukweni, mchanga unameza matairi membamba. Samaki wa kukaanga huchelewa, agizeni mapema. Mimi ningechagua Kigamboni, mradi tutoke saa moja asubuhi.