Mito Kwanza: Hedifoni Tatu Zilizofungwa na Nilivyozichokonoa

Ukiniuliza ununue ipi kati ya Sony MDR-7506, Audio-Technica ATH-M40x na Beyerdynamic DT 770 Pro, nitakuuliza kwanza kama unavaa miwani. Sikutanii. Zote tatu ni hedifoni zilizofungwa, yaani vikombe vyake vimezibwa nyuma, na besi ya hedifoni za namna hii hutegemea hewa iliyobanwa kati ya spika na sikio. Mkono wa miwani ukiinua mto, yaani ile pedi laini inayokaa kuzunguka sikio, kidogo tu karibu na panja, hewa inavuja na besi inaondoka nayo. Watu wawili huweza kuvaa hedifoni zilezile, mmoja akasema zina mdundo wa kushiba, mwenzake akasema zinalia kama redio ya mlinzi. Wote wawili wanasema kweli.

Mimi navaa miwani. Riziki yangu ni kuhariri mahojiano ya podikasti, nafanyia kazi nyumbani Umoja, Nairobi, na dirisha langu linatazama njia ya matatu. Hedifoni za wazi, zile wapenzi wa muziki wanazozisifia upana wa sauti, hapa hazinifai kabisa. Makanga wanaingia kwenye mahojiano bila kualikwa. Za Bluetooth zinazozima kelele kwa betri ni tamu safarini, lakini sauti huchelewa kidogo kufika, na anayekata maneno kwenye kompyuta anataka kusikia mkato palepale alipoukata. Basi nikabaki na waya. Bajeti yangu ilikuwa kati ya shilingi 12,000 na 25,000 kwa moja, na ndani ya bei hizo watu wa studio hawaachi kuzitaja hizi tatu. Nilizikusanya moja baada ya nyingine, nyingine mpya, nyingine za mkono wa pili.

Kuzipata halisi mjini ni shughuli yake. Majina haya yanaigwa sana. Kwenye duka moja katikati ya mji nilionyeshwa boksi safi la Sony, stika inametameta, bei nusu ya kawaida. Nilikuwa na malitimita kwenye begi, kile kipimo kidogo cha mafundi wa umeme. Ncha moja kwenye kichwa cha plagi, nyingine kwenye shina lake, unasoma omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. MDR-7506 zimeandikwa omu 63. Kipimo cha fundi huweza kusoma chini kidogo ya hapo, lakini si mbali. Zile za dukani zilisoma thelathini na kitu. Muuzaji akaniambia, “Boss, hizo ni za soko la Asia.” Nikamrudishia boksi lake. M40x zinatakiwa kukaribia 35. DT 770 Pro zina matoleo ya 32, 80 na 250, kwa hiyo angalia kwanza maandishi ya boksi ndipo upime. Zangu ni za 80.

Sasa sauti, kabla sijaingiza bisibisi popote.

MDR-7506 zimekuwa sokoni tangu 1991 na bado zinatengenezwa, na ukizivaa kwa kazi ya maneno unaelewa kwa nini. Unasikia mgeni akivuta pumzi kabla ya kujibu, unasikia kiti kikilalamika, unasikia ulimi ukibanduka mdomoni. Ni nyepesi, gramu 230 bila waya, na hazihitaji nguvu nyingi. Simu ya kawaida inazitosha. Upande wa juu ni mkali. Herufi s na sh zinachoma, hasa mtangazaji akikaa karibu na maikrofoni, na baada ya saa kadhaa masikio yanataka likizo. Kwangu huo ukali ni chombo cha kazi: kasoro ikiwa haisikiki humo, msikilizaji wa kwenye basi hataisikia.

M40x, za mwaka 2014, ndizo zilizotulia kuliko zote. Hazikuzi chini wala juu kwa fujo. Shida yake ni kichwani: zinabana, na mito yake ni myembamba, tundu lake dogo kwa sikio langu.

DT 770 ndizo za raha. Mito ya mahameli, kichwa hakichoki, besi inashuka chini kwa utulivu. Nikiweka rumba, gitaa la besi nalisikia likitembea peke yake. Lakini karibu na kilohezi 8, huko kwenye sauti za juu, kuna kilele kinachojulikana na kila aliyezivaa kwa muda. Kayamba ikianza kutikiswa, au matoazi ya ngoma, unakunja uso. Nazo zinataka sauti ipandishwe zaidi kuliko Sony. Adapta ndogo ya USB-C inazimudu, ila simu ya bei ya chini inafika mwisho wa kitufe mapema.

Hapo ndipo nikaanza kuchokonoa, na nilianza na mito kwa sababu ndiyo inayoharibika mwanzo. Ngozi bandia ya hedifoni, ya kampuni yoyote ile, hupondwa na jasho na unyevu hadi ikaanza kubanduka vigamba vyeusi vinavyoganda shingoni. Watu hununua mito mipya wakidhani wanarekebisha muonekano tu. La. Ukibadilisha mto umebadilisha hedifoni. Kina chake kinaamua spika ikae umbali gani na sikio, kitambaa chake kinaamua hewa ivuje kiasi gani, na ukubwa wa tundu unaamua sauti igonge sikio kutoka wapi.

Kwenye Sony nilijaribu mito ya mahameli. Joto lilipungua, na mchana wa Februari hilo si jambo dogo, lakini besi ilipungua vilevile na sauti za watu zikakonda, kila mgeni akawa kama ana mafua. Nikaweka mito minene ya ngozi ya kondoo. Hapo besi ilirudi na ziada, nafasi ikapanuka, ila sauti za wanaume zikawa na mwangwi wa ndani ya debe. Nisingeweza kuziamini tena kupimia mahojiano. Mwishoni nilirudisha mito ya umbo lilelile la asili, mipya. Kwa kazi ya maneno, usizipendezeshe.

M40x zilinishangaza. Mito minene kidogo, yenye sponji laini inayokumbuka umbo la kichwa na tundu la mviringo mrefu, ilimaliza kubanwa kwa siku moja, na kwa kuwa sponji hiyo inauzunguka mkono wa miwani badala ya kuupinga, besi ambayo sikuwahi kuipata vizuri ikatokea. Ni hedifoni zilezile, spika zilezile.

Kwenye DT 770 niliweka ngozi bandia badala ya mahameli, nikitaka kuzuia kelele zaidi. Kelele ilipungua, sawa, lakini besi ilivimba mpaka ikafunika gitaa la kati, na kule juu kukazidi kung'aa. Nikarudisha mahameli. Kazi ya kuirudisha inataka moyo: mto una mdomo mwembamba wa kitambaa unaopaswa kuingia kwenye mfereji kuzunguka kikombe, na ukiingiza huku unachomoka kule. Dawa yake ni kuanza chini, kushikilia kwa dole gumba, kisha kuusukuma mdomo ule kwa ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda, ukizungusha polepole. Usitumie bisibisi, utachana kitambaa.

Na kabla hujanunua mto wowote, jipime. Cheza sauti nzito ya hezi 40, programu za bure za kutoa sauti hizo zipo tele, vaa hedifoni na miwani yako kama kawaida, halafu bana vikombe kwa viganja. Mdundo ukiongezeka kwa kishindo, ulikuwa unavuja muda wote. Vua miwani urudie. Mimi nilichagua fremu yenye mikono myembamba ya chuma mara iliyofuata nilipopimwa macho, na hilo liliboresha hedifoni zote tatu kwa mpigo.

Ule ukali wa DT 770 nimeutibu kwa tishu. Ndiyo, tishu ya kawaida. Si ujanja mpya: wahandisi wa studio walikuwa wakitundika karatasi hiyo mbele ya spika ndogo za Yamaha NS-10, zilizotoka 1978, ili kupunguza makali yake ya juu. Ukitoa mto wa DT 770 unakuta sponji nyembamba nyeusi imeifunika spika. Itoe, kata duara la tishu la ukubwa huo, na kama tishu yako ina tabaka mbili itenganishe ubaki na moja, kwa sababu tabaka mbili zilinifanya nisikie kama mtu anaongea nyuma ya pazia. Ilaze juu ya spika, rudisha sponji, rudisha mto. Kayamba bado ni kayamba, ila haikutii kidole jichoni.

Kuna wanaosema tishu ni ushamba, tumia ikwalaiza, programu ya kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti. Kwa usahihi wana haki. Kwenye kompyuta ya Windows ninayo Equalizer APO, ya bure, na unaweza kushusha kilohezi 8 kwa desibeli nne au tano bila kugusa kitu kingine. Tishu hushusha kwa jumla tu. Kwenye Android, programu ya Wavelet inafanya kazi hiyo. Lakini kinasa sauti ninachobeba kwenye mahojiano hakina ikwalaiza, na tishu inakwenda popote hedifoni zinapokwenda.

Kujaza pamba ndani ya vikombe, au kubandika udongo wa kuchezea watoto kwenye kuta zake ili plastiki isitetemeke, nimejaribu kwenye M40x. Tofauti niliyoisikia nisingeiapia. Zikaongezeka uzito. Nikatoa.

Kazi kubwa ilikuwa waya wa DT 770. Ni mita tatu, na umeunganishwa moja kwa moja ndani ya kikombe cha kushoto. M40x waya wake unachomoka, kwa hiyo hapo hapakuwa na neno. Kwa meza ya studio mita tatu ni sawa. Kwa mtu anayezunguka na kinasa sauti mfukoni ni kamba ya kujikwaa. Nilizipeleka Luthuli Avenue kwa fundi wa simu ambaye kibanda chake kina upana wa mlango, nikiwa na soketi ya milimita 3.5 ya njia tatu niliyoinunua mwenyewe. Alifungua kikombe, akatazama nyuzi zilizomo, nyembamba kama unywele na zenye rangi, akacheka kidogo.

“Boss, hizi ukizishika na lehemu hivi hivi hazitashika. Zimepakwa vanishi.”

“Sasa fundi, utazikwangua?”

“Nikikwangua zitakatika. Nazichoma.”

Akaweka tone la lehemu kwenye ncha ya pasi yake, akaingiza uzi ndani ya tone lile likiwa linachemka, akaushikilia. Moshi mwembamba ukatoka, vanishi ikaungua, na uzi ukatoka unang'aa kama fedha. Akafanya hivyo kwa kila uzi, akapima kwa malitimita kama kushoto ni kushoto, ndipo akapanua tundu la waya wa zamani na kuikaza soketi kwa gundi ya moto. Alinitoza shilingi 800. Jua tu kwamba ukishapitisha kidrili kwenye kikombe, waranti umeiaga, na kama fundi wako anataka kuanza bila kupima, chukua hedifoni zako uondoke.

Sauti haikubadilika kwa waya mpya, na anayekuambia itabadilika anakuuzia waya.

Siku hizi Sony hazitoki mezani, ni za mahojiano tu. DT 770 natembea nazo na ndizo ninazosikilizia muziki jioni. M40x amezichukua mdogo wangu anayejifunza kutengeneza biti, na kwa mito ile mipya nisingemshauri aongeze pesa atafute nyingine.

Kilichobaki ni ngurumo ya chini ya matatu. Hedifoni zilizofungwa huzuia vizuri sauti za kati na za juu, honi, kelele za makanga, lakini mdundo wa spika kubwa chini ya viti unapita kwenye mto wowote. DT 770 zimeandikiwa takriban desibeli 18 za kuzuia kelele, na kwa masikio yangu nyingi ya hizo ziko juu. Rafiki yangu ana Sennheiser HD 280 Pro, ambazo mtengenezaji anazitajia hadi desibeli 32. Nilizivaa kwangu dirisha likiwa wazi, na barabara ilirudi nyuma kweli. Zinabana vibaya mno juu ya miwani, ila nadhani mito laini zaidi ingeondoa hilo. Nilimwomba aniachie hata wikendi moja nizifungue. Akazikunja, akazirudisha kwenye begi, akafunga zipu.