Uzoefu wangu wa kufungua faili za Raspberry Pi kutoka kwenye kompyuta ya mezani

Nina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, isiyo na skrini wala kibodi, iliyounganishwa na ruta kwa kebo, ambayo kila baada ya dakika 5 hurekodi vipimo vya joto na unyevu katika faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Grafu na taarifa naziandaa kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows, na kwa hiyo nilihitaji njia ya kuzifikia faili hizo bila kuinuka kitini.

Mwanzoni nilidhani ingetosha kuzima kifaa, kuchomoa kadi ya kumbukumbu na kuichomeka kwenye kompyuta. Folda za vipimo sikuziona, nikaona tu faili chache za kuwashia mfumo, na papo hapo likafunguka dirisha likinitaka niifomati diski kabla ya kuitumia. Kadi ilikuwa nzima kabisa: sehemu yake ndogo imepangwa kwa FAT32, ambayo Windows inaisoma, ilhali sehemu kubwa yenye kazi zangu imepangwa kwa ext4, ambayo Windows haiisomi bila programu ya ziada. Laiti ningekubali, vipimo vya miezi kadhaa vingepotea kwa kubofya mara moja.

Nikahamia SFTP, njia ya kuhamisha faili inayopita ndani ya muunganisho wa SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Tangu Novemba 2016 huduma ya SSH huja ikiwa imefungwa, kwa hiyo ni lazima kuiwasha katika raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, au wakati wa kuandaa kadi kwa Raspberry Pi Imager. Jioni yangu moja iliishia kwenye maelekezo ya zamani yaliyosema niingie kwa jina pi na nywila raspberry. Akaunti hiyo iliondolewa kwenye mfumo Aprili 2022, na siku hizi mtu huingia kwa jina alilolichagua mwenyewe. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Katika WinSCP, programu ya Windows ya kuhamisha faili kwa SFTP, naandika raspberrypi.local, ambalo ni jina la Pi kwenye mtandao wangu; upande wa kushoto naona faili za kompyuta yangu na upande wa kulia zile za Pi, na nikihariri faili kisha nikaihifadhi, inarudishwa ilikotoka bila mimi kuiburuta.

Kasoro ya SFTP, kwa matumizi yangu, ni kwamba kila faili hunakiliwa kwanza ndipo ifunguliwe, jambo linalochosha unapotaka programu ya grafu isome vipimo vipya kila mara. Hapo ndipo nilipoweka Samba, ambayo huifanya folda ya Pi ionekane kwenye Windows kama diski nyingine. Kwangu ni Z. Kuiweka ni amri moja na mistari michache mwishoni mwa faili ya /etc/samba/smb.conf, lakini kuna jambo ambalo maelekezo mengi hulipita haraka: Samba ina nywila zake, tofauti na zile za mfumo. Nilikuwa nikiandika nywila sahihi ya Pi na kukataliwa kila mara, hadi nilipomsajili mtumiaji yuleyule kwa amri ya smbpasswd -a. Nilipoingia, nikakuta siwezi kuandika chochote, kwa sababu folda inayoshirikishwa ni ya kusoma tu mpaka uandike read only = no.

Kuhusu kasi sina malalamiko, maana Pi 4 ina mlango wa mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde. Mwenye Pi 3 B atarajie kidogo zaidi, kwani mlango wake ni wa megabiti 100, yaani hauwezi kuzidi megabaiti 12.5 kwa sekunde.

Kuna mtego mmoja unaozikumba njia zote mbili. Hati ya amri niliyoiandika upya kwenye Windows ilikataa kuendeshwa kwenye Pi, ikidai kwamba bash, programu inayoendesha hati kama hizo, haipo, ingawa ipo. Mwisho wa mstari wa kwanza palikuwa na alama ya ^M, mabaki ya namna Windows inavyokata mistari. Nilipokibadilisha kihariri kitumie LF, mkato wa mistari unaotumiwa na Linux, tatizo likaisha.

Leo hati za amri nazipitisha WinSCP, na Samba nimeiachia folda ya vipimo peke yake. Ile ruhusa ya kuandika niliyoihangaikia nimeifuta kwa hiari yangu, kwa kuwa siku moja nilifungua CSV kwenye programu ya majedwali, nikabonyeza kuhifadhi kwa mazoea, nayo ikabadilisha mpangilio wa tarehe katika faili nzima. Mstari wangu sasa unasomeka read only = yes.