The Voices au Silver Linings Playbook?

Filamu zote mbili zinachekesha, na zote zina mgonjwa wa akili anayekwepa vidonge. Baada ya hapo kila moja inashika njia yake.

Katika The Voices (2014) ya Marjane Satrapi, Ryan Reynolds ni Jerry, mfanyakazi mpole wa kiwanda cha hodhi za kuogea. Paka wake humchochea aue, mbwa wake humsihi awe mwema, na sauti zote mbili ni za Reynolds mwenyewe. Kisha Jerry anameza dawa: nyumba iliyokuwa inang'aa inageuka jalala, damu imetapakaa, wanyama kimya. Vidonge anavitupa. Unamwelewa kabisa, na hilo linatisha kuliko kile kichwa cha mtu aliyemuua kinachopiga soga ndani ya friji. Kinachonikera ni kwamba mgonjwa amefanywa muuaji tena, wakati wagonjwa wengi hawamdhuru mtu.

Silver Linings Playbook (2012) haina giza kiasi hicho. Pat (Bradley Cooper) ametoka hospitali, ana ugonjwa wa baipola, unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Mezani yeye na Tiffany, mjane anayekutana naye, wanatajiana dawa walizowahi kutumia kama mashabiki wanaotaja wachezaji wa zamani, wenyeji wao wameduwaa. Jennifer Lawrence alipata Oscar kwa kumwigiza Tiffany, na alistahili. Ila penzi na dansi vinamtuliza Pat haraka mno.

Ya kutazama na wazazi ni hii ya pili. Mimi ningerudia ya kwanza. Yule paka ana mdomo mchafu ajabu.