Asali ya Tabora kwa walioandaa bebi shawa: zawadi nzuri, ila kagua chupa

Kwa kuwashukuru dada walioandaa bebi shawa, asali ya Tabora inashinda vikombe na maua ya plastiki. Ina harufu ya misitu ya miombo, na kila nyumba ina matumizi nayo.

Nusu lita ya asali nzito ina takriban gramu 700, bila uzito wa chupa. Mizani ikisoma pungufu sana, ina maji mengi au chupa haikujazwa. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha kwa urahisi: juu kuna povu, mfuniko umevimba, ukifungua inanuka kama pombe. Hiyo mwachie muuzaji. Lakini ikiganda punjepunje kama sukari, usiseme imechakachuliwa; asali halisi huganda. Ikalishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Ukiichemsha, harufu yote inapotea.

Kinachokera ni chupa za maji zilizorudiwa: mfuniko hulegea, asali inachuruzika na kuharibu kanga uliyoifungia. Lipia chupa ya kioo, ni hela ya maana.

Kanga nayo, doti moja yatosha, ila soma jina lake kwanza. La mafumbo ya majirani halifai kabisa kwa shukrani.

Na tafadhali, andika kwenye lebo: mtoto asilambishwe kabla ya kutimiza miezi 12. Asali safi kabisa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli, na utumbo wa kichanga hauviwezi.